Mtambo Mmoja, Mdogo

"Mama Sauda, hapa kwenye wavu mnapitaje?"

Aliyeuliza ni mtendaji wa mtaa wetu, hapa Ujiji. Alikuwa ameegemea kiti chake cha ofisini, viatu amevua, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, na mikononi ameshika kile kifaa alichoniambia Jumatatu, akarudia Jumatano, kwamba kimefungiwa kabatini kama kidhibiti na hakuna mwenye ruhusa ya kukigusa mpaka shauri liishe. Ijumaa nimekuja mara ya tatu, mtoto mgongoni, jua linachoma, nakuta kidhibiti kinapiga muziki. Amefika hatua ya kumi na moja. Samaki wake, mgebuka, amenasa.

Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia. Sikupiga kelele, maana mtoto alikuwa amelala. Nilimwambia wavu ule haukatwi, unazungukwa kwa chini. Kisha nikamwambia naenda kuandika malalamiko, rasmi, yenye kichwa cha habari na nakala, na kwamba kidato cha nne nilimaliza na Kiswahili sikufeli, kwa hiyo ajiandae. Akashusha miwani. Akasema malalamiko ya nini tena, mbona wao wanakitunza vizuri tu. Wakati anasema hivyo kidole bado kiko kwenye kitufe.

Mwenye kifaa ni mtu tuliyemwita Fundi, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi. Kibali chake cha kuishi nje ya kambi kilikuwa kinaangaliwa upya Alhamisi ya wiki iliyokuwa inakuja, na kwenye daftari la ofisi ya mtaa, mbele ya jina lake, palikuwa pameandikwa: mtambo mmoja, mdogo. Msomaji wa mbali anaweza asione ubaya. Kwetu mtu akikamatwa na mtambo hakuna anayefikiria kiwanda cha sukari. Mtambo ni wa kupikia gongo, pombe haramu: pipa, bomba, moto na harufu. Mkimbizi mwenye mtambo anapandishwa gari la kwanza la kurudi kambini, na kibali hakioni tena. Fundi hakuwa amewahi kunywa hata togwa iliyolala. Na neno hilo, nalisema mapema nisije nikaonekana nalificha, nililipeleka ofisini mimi.

Nilimjua miaka minne, mlango wangu ukitazamana na wake katika nyumba ya vyumba sita ya Bibi mmoja, na bado siwezi kuwaambia kwao ni mlima gani wala baba yake nani. Alikuja miaka ile ya wakimbizi, ambapo ukishuka sokoni Kigoma mjini unasikia Kirundi kila upande, na sisi Waha tunaitikia tu bila kujishtukia, maana lugha zenyewe zimenyonya ziwa moja. Jicho lake la kushoto lilikuwa na utando. Ndiyo sababu ya kibali: matibabu, hospitali mjini, kila mwezi. Daktari alimkataza kutazama vitu vidogo. Fundi akatoka hospitali, akatafuta lenzi ya saa, akaibana kwenye jicho zima, akakaa chini kutazama vitu vidogo kuliko vyote vilivyokuwepo mkoa wa Kigoma.

Ukimsalimia habari zake alijibu za mashine. Mimi nasema, "Bwakeye, Fundi, umeamkaje?" Yeye anasema, "Betri inashika, ila kioo kinatetemeka." Mwanzo nilidhani ni dharau. Baadaye nikaona kwamba hiyo ndiyo afya yake, anaieleza kama ilivyo.

Sasa kifaa. Kifaa kilikuwa kompyuta. Ndogo, ya kushika kwa mikono miwili kama unavyoshika muhindi wa kuchoma, kioo katikati, vitufe kushoto na kulia, na kazi yake kubwa ni michezo. Hakikutoka dukani. Huko mbali kuna watu wachache, si kampuni, sidhani kama wana hata ofisi, waliokaa wakabuni kompyuta yao wenyewe kuanzia njia za waya mpaka programu, halafu michoro yote wakaiweka hadharani. Anayetaka atengeneze. Anayetaka abadilishe. Sharti ni moja: ukibadilisha, na wewe uweke hadharani. Fundi alikuwa anaisoma michoro hiyo kwenye kibanda cha intaneti karibu na stesheni ya treni, na kuinakili kwa penseli kwenye madaftari ya shule, kwa sababu wino wa printa hakuuamini. Neno lake lilikuwa "huria". Kifaa huria. Bibi mwenye nyumba neno hilo alilijua kwenye soko huria tu, akaelewa kwamba yeyote anaruhusiwa kukiuza, akakitafutia mteja. Fundi alinuna siku mbili, na Bibi akanuna tatu kwa kuwa mteja alikuwa wa maana.

Kioo kilitoka kwenye simu iliyopasuka. Vitufe vilitoka kwenye rimoti tatu za televisheni, ndiyo maana kimoja kiliandikwa "sauti" na ukikibonyeza mgebuka anaruka. Betri zilitoka kwenye kompyuta za mapajani zilizokufa. Na kasha, jamani, kasha lilikuwa langu. Nilikuwa na kopo la bluu la plastiki la kumwekea Sauda, mkubwa wangu, chakula cha shule, lenye kifuniko cha kubana, nimeliandika jina lake kwa kalamu ya wino mzito: SAUDA, DARASA LA KWANZA B. Asubuhi moja naliona limetobolewa dirisha katikati. Nilivuka ua nikiwa na mwiko mkononi. Fundi hakukana. Alisema amepima makopo ya nyumba nzima, langu pekee ndilo lenye unene unaofaa, na akaniuliza nimelinunua wapi kwa sababu anataka kuwaandikia wenzake wa mbali kipimo chake. Sauda akaenda shule na chakula kwenye mfuko wa plastiki wiki nzima. Wiki iliyofuata alikuwa mtoto pekee Ujiji mwenye jina lake kwenye kompyuta, na kopo hakulitaka tena.

Hakuna kifaa alichokifunga vizuri. Hilo lilikuwa jambo la imani. Redio yako ikienda kwake na skrubu nne inarudi na mbili, na ukiuliza anakwambia anayefuata asisumbuke kufungua. Lakini yeye mwenyewe alijifunga kama kopo la maziwa ya unga. Madaftari yake ruhusa kunakili ukurasa wowote, hata mtu asiyejua kusoma alikaribishwa kunakili, ila bisibisi yake hukopeshwi hata nyumba ikiungua. Alizipima betri kwa ulimi. Siku ya Jumapili hakufanya kazi, alikwenda kanisani na shati jeupe lenye tundu dogo la moto kifuani, lakini chuma chake cha kuchomelea alikiacha kimechomekwa kwenye umeme, kinapata moto, kwa maelezo kwamba chuma hakijabatizwa.

Na michezo yenyewe hakuijua. Huyu mtu alitumia miaka miwili kutengeneza kompyuta ya michezo, na akicheza dakika moja anapata kizunguzungu. Alikuwa anampa Sauda acheze, yeye anakaa pembeni anamtazama mtoto usoni, si kwenye kioo. Mtoto akikunja uso, anaandika. Mtoto akicheka, anaandika pia, lakini kwa mwandiko mdogo zaidi.

Mchezo mkubwa uliokuja na programu za wale watu wa mbali ulikuwa wa nyoka anayekula matunda. Riziki ya Fundi ilikuwa Katonga, mwaloni boti zinakoegesha, anatengeneza taa za wavuvi wa dagaa, zile za betri walizoanza kutumia baada ya karabai. Akakibeba kifaa akawaonyesha wavuvi wakati wanasubiri taa zao. Hawakuvutiwa. Nyoka na tunda, mmoja alisema, hiyo ni habari ya kanisani. Fundi akarudi nyumbani, na kwa kuwa mchezo ni huria, akaingia ndani yake, nyoka akamfanya mgebuka na tunda akalifanya dagaa. Akawapelekea. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Wakamwambia mgebuka hageuki kona kama askari wa paredi. Akaandika, akarekebisha. Wakasema dagaa hawasimami gizani hivyo, weka taa waifuate. Akaweka taa. Hilo aliliita toleo la tatu. Kisha mzee mmoja mwenye boti mbili akacheza mpaka mwisho, akarudisha kifaa kwa hasira na kuuliza mchezo wote samaki anashinda, wavuvi wako wapi. Wenzake wakaona kasema kweli. Ndiyo ikawa hatua ya kumi na moja, ile yenye wavu. Waliupima wenyewe, macho ya wavu walimtajia wao, na hakuna mgebuka aliyepita siku hiyo. Walifurahi sana.

Ukimuuliza kama kifaa kimekwisha alisema, "Bado." Nilimwuliza miaka yote miwili. Bado.

Na ukimsifu kwamba amekitengeneza, alikataa. Alisema amekiendeleza tu. Siku moja alipata kifurushi posta, kimekaa njiani miezi, ndani yake ule ubao wa ndani wa kompyuta wenye njia za waya, mpya, na barua. Kumbe aliona kosa kwenye mchoro wa wale watu, alama mbili zimeandikwa kinyume, akawaandikia kwa Kiingereza cha kutafsiriwa na simu ya mtu. Wakashukuru. Wakamtumia ubao, wakamwomba jina ili waliweke kwenye orodha ya waliochangia. Alijiita kile tulichomwita sisi. Mpaka leo ukifungua ile orodha, kati ya majina marefu ya kizungu na ya kichina, kuna mstari umeandikwa: Fundi, Kigoma. Alinionyesha mara moja, akazima haraka kabla sijasema kitu.

Sasa nije kwenye ubaya wangu.

Mimi nilikuwa nauza barafu za ukwaju. Friza langu liko chumbani, umeme ni wa nyumba nzima, na waya za nyumba ile ni za zamani. Fundi akichomeka chuma chake jioni, pamoja na mashine yake ya kuchajia betri, swichi kubwa inaanguka, nyumba nzima kimya, na barafu zangu zinakuwa uji. Mara ya kwanza nilimwambia kwa upole. Mara ya pili nilimwambia bila upole. Aliniomba radhi kwa dhati kabisa, akaniambia tatizo ni kubwa kuliko mimi na yeye, liko kwenye waya, akanichorea. Nilikuwa na mchoro mzuri sana wa kwa nini barafu zangu zinayeyuka. Mara ya tatu mtoto ana homa, barafu mia zinachuruzika sakafuni, nikavaa kanga ya pili nikaenda ofisi ya mtaa.

Nilimwambia mtendaji kwamba mpangaji mwenzangu, yule Fundi, ana mtambo wake chumbani unatutesa.

Mtendaji akaweka kikombe chini. "Mtambo?"

"Mtambo. Akiuwasha tunakoma."

"Unatoa harufu?"

Nikasema harufu kali, inaingia mpaka kwenye nguo, maana ile risasi anayounganishia nyaya ikiyeyuka inanuka kweli. Akauliza anawasha saa ngapi. Nikasema jioni jioni, akitoka Katonga. Akauliza kama kuna watu wanafika. Nikasema wanafika sana, tena watu wazima, wavuvi, wanaingia wamechoka wanatoka wamechangamka, wengine wanabishana mpaka barabarani. Akaandika kila neno. Mimi nikaona, leo nimepata ofisi inayosikiliza. Nikatoka pale nimevimba kichwa. Nilikuwa nasema mtambo kama ninavyosema lidude, kwa hasira, kukikuza kitu. Sikusikia nilichokisema mpaka kesho yake.

Kesho yake jioni alikuja mtendaji na mgambo wawili. Walinusa mlangoni. Wakainua ndoo, wakafunua pipa la maji, mgambo mmoja akaonja maji yenyewe akatema kwa masikitiko. Sauda alikuwa ameketi juu ya mkeka wa Fundi anacheza. Mtendaji akauliza kwa sauti ya kazi mtambo uko wapi.

Sijawahi kumwona Fundi amefurahi vile. Miaka yote hakuna mtu wa serikali aliyewahi kuuliza. Alisimama, akavua lenzi, akakichukua kifaa mikononi mwa mtoto kwa adabu, akasema, "Mtambo ndio huu."

Mgambo akaandika: mtuhumiwa amekiri.

Akawaeleza nusu saa nzima. Kwamba ameuunda mwenyewe kwa vipande vya kuokota. Mgambo akaandika. Kwamba ana michoro, na yeyote anayetaka anamfundisha bure kutengeneza wa kwake, Katonga tayari kuna wawili wanajifunza. Mgambo akaandika, akapiga mstari chini. Kisha akawasha mchezo awaonyeshe, na Fundi, kama Warundi wengi, herufi ile ya "kula" humgeukia, akasema kwa fahari, "Huyu mkubwa anakura wadogo." Mgambo wa pili, aliyekuwa amesinzia, akainua kichwa akauliza kura za nini.

Mtendaji si mjinga. Alikwisha kuona hakuna gongo. Lakini daftari lilikuwa limeandikwa, kurasa zake zina namba, na yeye alikwisha kutuma salamu juu kwamba anakwenda kukamata mtambo. Kwa hiyo akakamata. Akafikiri kidogo, akaongeza neno moja la haki: mdogo.

Mimi nilikuwa mlangoni kwangu, mtoto ananyonya. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Fundi aliwasindikiza mpaka nje, akawaonyesha namna ya kukichaji.

Wiki hiyo yote hakulalamika. Mkimbizi haendi ofisini kulalamika, hilo la kwanza. La pili ni kwamba aliamini kwa moyo wote kuwa wanakisoma. Nikimwuliza mbona hawarudishi, anasema, "Wape muda, Mama Sauda, ule mchoro wa betri ni mgumu." Ndiyo maana nilikwenda Jumatatu, na Jumatano, na Ijumaa nikakuta usomaji umefika hatua ya kumi na moja.

Jumamosi asubuhi nikamfuata Katonga. Boti zilikuwa zimeshaingia, akinamama wanaanika dagaa, Fundi ameketi juu ya kreti la soda, taa sita mbele yake zimefunguliwa matumbo, lenzi jichoni. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Kwamba hawakisomi, wanakicheza. Kwamba kwenye daftari wameandika mtambo, na mtambo kwetu maana yake nini. Hilo la maana hakulijua. Kwao pombe ile wanaiita kanyanga, na chombo cha kuipikia hakina jina la heshima namna hiyo. Kisha nikamwambia ni nani aliyelipeleka neno.

Akaweka taa chini. "Ulisema mtambo?"

"Nilisema mtambo."

"Wakauliza kama unanuka?"

"Wakauliza. Nikajibu."

Alianza kucheka taratibu kama injini ya boti inayovutwa kamba, ikashika, akacheka mpaka lenzi ikaanguka kwenye mchanga na wanawake wa dagaa wakageuka. Na mimi nikacheka, nikashindwa kuacha, mtoto mgongoni anarukaruka. Halafu yeye akaacha. Akafuta jicho la kushoto kwa kiwiko.

"Kambini hakuna daktari wa hili jicho," akasema.

Nikamwambia nitaandika malalamiko kwa mtendaji wa kata, mkubwa wa yule wa mtaa. Nitaeleza kwamba yeye ni mtu mwema, mcha Mungu, hanywi, hana ugomvi.

"Oya, hapana. Mimi ni mtu wa namna gani, usiandike. Ukisema ni mwema, wataanza kutafuta. Andika kifaa ni nini."

"Na lile neno?"

"Waliandika wao."

"Walilitoa kwangu."

Aliokota lenzi, akaipuliza mchanga, akairudisha jichoni, akachukua taa. Alikaza skrubu moja, ya pili akaiacha. "Hilo utaona mwenyewe," akasema. "Kalamu unayo wewe."

Jumapili nikaandika mara tatu. Mara mbili za kwanza barua ilikuwa kali, nzuri, yenye kumchana mtendaji wa mtaa kuanzia viatu mpaka miwani, na neno mtambo lilikuwa limejiandika lenyewe, halina aliyelisema. Nilizisoma kwa sauti. Zilikuwa za uongo. Nikazitumia kuwashia moto wa uji.

Ya tatu niliipeleka Jumatatu. Mtendaji wa kata aliisoma mara mbili, mara ya pili amesimama dirishani akiwa ametugeuzia mgongo, mabega yanamtikisika. Akagonga muhuri kwenye nakala yangu. Jumatano daftari la mtaa lilipelekwa kwake kwa bodaboda, na kifaa nacho, vitufe viwili vimelegea. Alhamisi Fundi aliongezewa miezi sita ya kulitazamia jicho lake, na hakunishukuru, alinieleza hali ya vitufe. Nakala ninayo. Niliandika hivi:

*

Mtaa wetu,
Ujiji.

Kwa Mtendaji wa Kata.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MTENDAJI WA MTAA NA MTU MWINGINE MMOJA KUHUSU NENO "MTAMBO"

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mpangaji, muuza barafu. Nalalamika kama mmiliki halali wa kopo la bluu lenye jina la binti yangu, ambalo limeshikiliwa na ofisi ya mtaa pamoja na vilivyomo.

Kilichomo ni kompyuta ndogo ya kushika mkononi, ya kuchezea michezo. Haipiki kitu. Haina pipa, bomba wala moto. Harufu iliyoripotiwa ni ya risasi inayoyeyuka wakati wa kuunganisha nyaya, na haileweshi. Watu wanaotoka kwa mwenye nayo wamechangamka wamechangamshwa na samaki. Michoro yake iko wazi kwa kila mtu, na ofisi yako ikitaka kuikagua itaonyeshwa kila waya, zaidi ya ofisi itakavyopenda.

Mlalamikiwa wa kwanza ni mtendaji wa mtaa. Aliona kwa macho yake kwamba kifaa si cha gongo akaandika mtambo, kwa kuwa daftari lilikuwa limeshaanza. Neno hilo linaweza kumrudisha kambini mtu anayetibiwa jicho hapa mjini, na shauri la kibali chake ni Alhamisi. Pia naomba aeleze kwa maandishi ni vipi kidhibiti kilichofungiwa kabatini kilifika hatua ya kumi na moja.

Naomba kifaa kirudishwe kabla ya Alhamisi. Naomba ukurasa usichanwe. Neno likatwe kwa mstari mmoja ili lionekane lilikuwepo, na pembeni liandikwe la kweli.

Mlalamikiwa wa pili ni mimi. Neno mtambo nililileta ofisini mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa sababu barafu zangu zilikuwa zimeyeyuka. Nilipoona mgambo wanalibeba nyumbani kwa mtu nilikuwa mlangoni na sikusema kitu, na jambo hilo ndilo linaloniuma kuliko barafu. Naomba jina langu liandikwe kwenye daftari mbele ya neno hilo, mahali lilipoandikwa lake. Sina utetezi. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na elimu ya kidato cha nne, na nilikuwa na maneno mengine mengi ya kuchagua.

Nawasilisha, na nasubiri hapa hapa kwenye benchi.

Mama Sauda